Kiboksi cha Baba Kinachopiga Kelele

Jumatatu, 29 Julai

Tak-tak-tak-tak. Kutwa nzima! Kiboksi cha swichi ambacho marehemu Baba alikifunga kwenye mashine ya kukerezea vyuma, kabla mimi sijazaliwa, kimeanza tena kugonga meno. Nimemwambia Bli Gede, kaka yangu, kwamba nitaweka swichi mpya. Kakataa. Kasema, bila hata kuinua macho, kwamba nikikigusa atanifunga mimi kwenye mashine anikereze niwe mchi. Wateja wawili wakacheka. Nami nikacheka. Imeniuma.

Sababu yake ni ileile ya miaka yote. Ndani ya kiboksi mna ulimi wa chuma. Umeme ukikatika, ulimi unaachia, na hata umeme ukirudi mashine haiamki mpaka mtu abonyeze kitufe cha kijani. Baba alikuwa akisema kiboksi hicho ndicho kinacholinda vidole. Sawa, Baba. Ila kelele!

Halafu kuna ubao wa jina nje ya karakana. GEDE, basi. Mimi nani humu, paka? Bli Gede aliahidi kuandika jina langu siku nitakayomaliza kazi moja ya umeme bila moshi. Ataandika kwa mkono wake wa kulia, ambao ndio unatulisha sote, na jioni ndio unaopiga ngoma hekaluni. Hakuna mkono kama huo mtaani kwetu. Najua, nimeambiwa mara elfu.

Jumanne, 30 Julai

Mpango! Nimevuka barabara kwa Pak Suweca, adui wetu, mwenye mashine mpya na masharubu ya zamani. Ana swichi ya mkono, nyeusi, inang'aa. Tumekubaliana: anipe swichi, nimpe kiboksi cha Baba.

Kanikodolea macho. Kaniambia, "Nengah we, hii ni ya pampu ya maji. Haina ulimi. Umeme ukirudi, mashine inaruka nao." Nikamwambia, "Pak, huo ni wivu tu." Kasema haya, kiboksi atakitunza mahali salama. Mjinga! Katoa kipya, anapokea takataka.

Alhamisi, 1 Agosti

Bli Gede alikwenda mazoezi ya ngoma. Nikaingia kazini. Mara ya kwanza mota ikazunguka kinyumenyume. Nikabadilisha nyaya mbili. Ikazunguka sawasawa. Hakuna moshi! Niliinusa mota mara tatu. Hakuna!

Bli Gede akarudi. Alinitukana hadi kuku wakatawanyika. Kisha akaiwasha, akaisikiliza. Kimya kabisa. Akauliza umeme ukikatika itakuwaje. Nikasema nitakuwa naizima kwa mkono, mimi si mtoto. Akasema, "Kwa hiyo siku hizi ulimi ni akili yako? Tumekwisha." Lakini mhimili tunaoukereza, wa mashine ya kukoboa mpunga, unasubiriwa na kijiji kizima. Akasema tuitumie mpaka sikukuu ya Jumamosi ipite, halafu kiboksi kirudi.

Na akaleta brashi! Ahadi ni ahadi, kasema, japo amemwahidi mpumbavu. Akaandika N, akaandika E, nzuri ajabu. Mkewe, Mbok Rasmini, akamwita kula. Atamalizia baada ya sikukuu.

Ijumaa, 2 Agosti

Mhimili umekamilika saa kumi na nusu jioni. Bli Gede alikuwa anasugua kutu ya mwisho kwenye taya zinazoshika chuma, mashine ikizunguka polepole, umeme ukakatika. Mashine ikasimama yenyewe, kama siku zote. Tukafuta mikono, kama siku zote, tukaenda kuoga. Mama alikuwa anatuita tusuke majani ya sadaka.

Nimelala na furaha. GEDE & NE.

Jumamosi, 3 Agosti

Tumpek Landep, siku ya kuvibariki vyuma. Hakuna anayefanya kazi, hata kisu kinapumzika. Umeme ulikuwa bado haujarudi. Mama alileta kuku wa kuchoma, maua na ubani, akavipanga juu ya mashine. Tulivaa vizuri, kila mtu na mkanda wake wa kitambaa kiunoni. Bli Gede aliinama kuzifunga taya za mashine kitambaa cha manjano, kama Baba alivyomfundisha. Fundo la kwanza. La pili.

Umeme ukarudi.

Siandiki mengi. Mashine iliamka kimya kabisa, kwa swichi yangu nzuri. Kitambaa kikanasa mkanda, mkanda ukavuta mkono. Kuku alirushwa mpaka ng'ambo ya barabara, akampiga Pak Suweca kifuani katikati ya sala zake. Akaja mbio na mafuta ya kuku kwenye shati jeupe. Yeye ndiye aliyezima swichi kuu ukutani. Mimi nilikuwa nimesimama na bakuli la maji matakatifu. Wanasema nilikuwa bado nanyunyiza.

Jumapili, 4 Agosti

Vidole viwili vimekatika, mkono wa kulia, vile viwili vinavyofuata gumba. Daktari amesema tushukuru.

Mbok Rasmini kaniambia nikisogelea kitanda cha mumewe hospitalini ataniuma. Mama kasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimetazama miguu yangu. Mizima. Aliyevunjika ni mkuu mwenyewe.

Bli Gede alipoamka hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliuliza kama mhimili umepelekwa. Kisha akauliza kiboksi cha Baba kiko wapi. Nikamwambia. Akafumba macho, akasema, "Kakiombe." Nimelia kwenye ngazi za hospitali mpaka mwenye kuuza maandazi akanipa moja bure.

Jumatano, 7 Agosti

Sikuhitaji kuomba. Pak Suweca alikuwa amekisafisha, amekifunga kwenye gazeti, amekiweka rafuni. Amekuja nacho mwenyewe, akakifunga mwenyewe. Hakunywa hata kahawa. Alizima swichi kuu, ulimi ukaanguka. Akawasha, mashine ikabaki imelala. Akanilazimisha kurudia mara kumi. Kasema nikikigusa tena atakuja na nyundo, na hatakuja kupiga misumari.

Tak-tak-tak-tak.

Ijumaa, 9 Agosti

Bli Gede yuko nyumbani. Kitanda chake kiko nyuma ya ukuta wa karakana. Leo Pak Suweca alikuja kutukerezea kazi ndogo mbili, na kila kiboksi kilipogonga, Bli Gede alishtuka kitandani na kuukumbatia ule mkono. Nilimwona kupitia dirisha. Roho iliniuma. Nampenda kaka yangu, hata kama hakuna anayeniamini nyumba hii.

Kesho anataka kujaribu mashine kwa mkono wa kushoto. Mama kamkataza, Mbok Rasmini kamkataza, hasikii. Na jina langu bado ni NE.

Kwa hiyo nimefikiri. Kiboksi hakina ubaya, Pak Suweca hakukosea. Ubaya ni ule ulimi kutetemeka, basi. Nimechukua kijiti kimoja cha mianzi kilichobaki kwenye sadaka, nimekichonga vizuri, nimeupigilia nacho ulimi mahali pake usitikisike wala usiachie. Kuwasha na kuzima tutatumia swichi kuu ya ukutani. Ni suala la kukumbuka tu.

Nimejaribu. Kimya kabisa! Sijamwambia mtu. Kesho asubuhi atashangaa.