Jicho la Asali Kwenye Kidole Gumba

Jumatatu, tarehe 10 Novemba

Leo nimeamua. Miwani basi!

Miaka sita natengeneza kucha za watu River Road, orofa ya tatu, juu ya duka la rangi. Miaka sita maski inapuliza mvuke kwenye miwani, na miwani inateleza hadi nchani mwa pua. Ijumaa iliyopita nilichora ua zuri sana. Tatizo ni kwamba nililichora kwenye nyama ya kidole, si kwenye ukucha. Kitavi, wa meza ya pili, akaniuliza kwa upole kama nahitaji waipa za gari. Saluni nzima ikacheka.

Sasa kuna vita. Madam Milcah, mwenye saluni, ametangaza kwamba Alhamisi anakuja bibi harusi, Ishita, wa Woodley. Ni majaribio: mimi mkono wa kushoto, Kitavi wa kulia. Atakayempendeza ndiye atakayeenda kwao Jumamosi kumpamba yeye na shangazi zake. Na ndiye atakayepewa meza ya dirishani.

Meza ya dirishani! Mwangaza, upepo, na kila mteja anayeingia huikimbilia hiyo kwanza. Nimeitamani tangu siku niliyoajiriwa.

Mpango: lenzi za machoni. Na si zile zisizo na rangi. Za rangi ya asali! Bibi harusi akiinua uso, aone msanii.

Jumanne, tarehe 11 Novemba

Nimeenda kwa Taranjit, daktari wa macho hapa mjini. Mzee mtaratibu mwenye kilemba cha buluu. Alinipima, kisha akauliza nafanya kazi gani. Nikamwambia. Akaweka kalamu chini.

Masharti hayaishi! Ninawe mikono kwa sabuni na kuikausha kabla ya kugusa lenzi. Nizivae asubuhi kabla sijashika asetoni ya kufutia rangi. Nisizioshe kwa maji ya bomba. Nisilale nazo. Na nikipiga msasa kucha, nivae miwani ya kuzuia vumbi. Nikamuuliza sasa nimevua miwani ya nini. Akasema vumbi la kucha halitaniuliza swali hilo.

Ilinichukua nusu saa kuingiza moja. Jicho langu lina ukaidi wa mama yangu. Mwishowe akanipa masharti yote kwenye karatasi, akanisihi niiweke mahali ambapo itanifaa kila siku. Nimefanya hivyo. Meza yangu huyumba, mguu mmoja ni mfupi. Karatasi nimeikunja mara nne, imeingia pale chini sawasawa kabisa.

Jumatano, tarehe 12 Novemba

Naona! Nimeona kwamba dari yetu ni chafu, kwamba Madam Milcah ana mvi, na kwamba Kitavi anachora vizuri. Hili la mwisho sikulijua. Habari mbaya.

Mercyline, mteja wangu wa kila mwezi, alisema macho haya yangempendeza paka. Nimelichukua kama sifa. Kisha akaanza kunisimulia mazishi ya nyanya yake kule Kakamega. Hapo jicho likawasha, nikalisugua. Kidole kilikuwa na asetoni. Moto! Machozi yakatiririka. Mercyline akadhani msiba umenigusa, akanishika mkono, naye akalia. Madam Milcah akanikokota hadi kwenye sinki, nikatoa lenzi, jicho likaoshwa mpaka shati likalowa. Lenzi nimeisuuza hapo hapo bombani, nikairudisha. Iko sawa tu.

Jioni Mercyline amerudi na chapati tatu. Amesema hajawahi kuona mwanamume mwenye huruma kama mimi. Chapati laini. Kwa jumla, siku nzuri.

Alhamisi, tarehe 13 Novemba

Ishita amekuja na shangazi yake. Kitavi alimchorea tausi. Tausi mwenye manyoya yote! 

Mimi nilipiga msasa bila miwani ya vumbi, maana ingeficha asali. Vumbi likapaa. Nikapepesa macho. Nikapepesa tena. Nikafika kwenye kidole gumba, nikapaka jeli nzito, nikausukuma mkono ndani ya taa ya kukaushia ili jeli ikauke. Hapo ndipo nilipogundua kwamba jicho la kulia linaona ukungu. Lenzi haipo! Nikaitafuta magotini, mezani, hata ndani ya maski.

Taa ikazimika. Mkono ukatoka. Lenzi ilikuwa katikati ya ukucha wa gumba, ndani ya jeli, imetulia, inang'aa.

"Wait, hii ni nini?" Ishita akauliza.

"Inaitwa jicho la asali," nikasema. "Ni design yangu mpya. Huwezi pata hii pahali pengine tao."

Shangazi akakivuta kidole karibu, akasema linafanana na jiwe la pete ya mama yake. Ishita akatabasamu. Anataka vidole vyote kumi viwe hivyo, Jumamosi.

Nimeshinda! Kitavi akaja kunipongeza. Akaniangalia: jicho moja la asali, jingine jeusi. Akaangalia kile kidole. Akaniangalia tena. Akarudi mezani kwake, nami nikaingiwa na hofu.

Ijumaa, tarehe 14 Novemba

Asubuhi na mapema kwa Taranjit, kutafuta lenzi kumi. Akauliza nina macho mangapi. Nikasema ni za akiba. Akawasha kurunzi yake, akachungulia: jicho jekundu, limekwaruzwa na vumbi. Amenipa dawa. Amenikataza lenzi kwa wiki mbili, hata ile moja iliyobaki. Kisha akanipa karatasi nyingine ya masharti, akauliza ile ya kwanza iko wapi. Nikamwambia inafanya kazi kila siku.

Kufika kazini na miwani yangu, Madam Milcah kasimama mlangoni, simu mkononi. Ishita amelalamika: ukucha umepasuka, na ndani kuna kitu kinabanduka kama ganda la kitunguu. Nikajua Kitavi amenichongea. Nikaungama yote pale pale. Lenzi, vumbi, taa, jicho la asali.

Kitavi alikuwa hajasema neno. Ningejua ningenyamaza!

Madam akaniamuru nimpigie Ishita mwenyewe.  Niliiona meza ya dirishani ikienda zake. Nikasema ukweli wote. Kisha kicheko! Akamwita shangazi aje asikie, nikarudia tangu mwanzo. Ishita akasema wiki nzima hajacheka, maandalizi ya harusi yamemmaliza.

"Kuja kesho," akasema. "Wewe na Kitavi. Lakini kuja na miwani."

Jumamosi, tarehe 15 Novemba

Woodley. Nyumba imejaa shangazi na maua ya manjano. Kitavi mkono wa kulia, mimi wa kushoto. Ishita ametaka tausi pande zote mbili. Dakika ya tano mvuke ukaanza, tausi wangu akapotelea kwenye ukungu. Kitavi akaacha kazi yake, akakata kipande cha plasta, akakibandika juu ya maski yangu, pale puani. Mvuke ukaisha. Ukaisha kabisa! Miaka sita! Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kuniambia.

"Hukuwahi niuliza," akasema.

Nilimpenda kwa dakika kumi nzima. Tausi wangu ametoka mnene kidogo, lakini wote walimtambua kuwa ni tausi. Hadithi ya lenzi nimeisimulia mara saba. Nimerudi nyumbani Uthiru nimeshiba jalebi na sina kinyongo na mtu.

Jumatatu, tarehe 17 Novemba

Madam Milcah ametoa hukumu. Meza ya dirishani: wiki moja mimi, wiki moja Kitavi. Naanza mimi, kwa sababu nilisema ukweli bila kusukumwa na mtu. Sikumsahihisha.

Mwangaza! Upepo! Jicho limepoa. Plasta inafanya kazi vizuri, miwani haina ukungu, naona kila kitu, sihitaji lenzi tena kamwe. Wiki mbili zikiisha nitanunua za kijani.

Kasoro ni moja tu. Meza ya dirishani nayo inayumba. Bahati nzuri nilikuwa na ile karatasi ya pili.