Ploti Tatu Mgongoni mwa Projekta

Mtu wa Ruiru ukimwambia kitu kinauzwa kwa ploti, hata kiwe sufuria, atauliza kama bado kuna ploti ya kona. Maluki alilijua hilo vizuri. Siku alipopata projekta kuukuu huko Thika, kwa kubadilishana na simu yake ya kioo kilichopasuka, aliigeuza, akaona matundu matatu ya kuchomeka nyaya, na moyo ukamruka. Hii haikuwa mashine, jamani, ilikuwa shamba linalongoja kukatwa.

Akatua nayo Gitothua, mtaa wa Ruiru, kwenye kibanda cha chai cha Syombua. Mzee Kaleli, mwenye ukumbi wa mpira, alielezwa kwamba tundu la HDMI ndilo liko upande wa lami. Akatoa mtungi wa gesi. Muigai, mpiga picha za harusi, akapewa lile la bluu lenye vishimo kumi na tano. Alivihesabu mara mbili, akaona amepata ploti kumi na tano kwa bei ya moja, akatoa baiskeli. Kila mmoja alipata agreement ya mauzo yenye muhuri, ambao, Mungu amsamehe, ulikuwa kifuniko cha soda.

Syombua, akisuuza vikombe, akauliza kama kuna lililobaki. Maluki nusura acheke. Lilibaki lile la waya wa stima, ambalo hata picha halipitishi. Akamwachia kwa sahani ya ndengu na chapati mbili.

"Andika jina langu lote," Syombua alisema, akaita mashahidi wawili waliokuwa wakinywa chai.

Mpango wa Maluki ulikuwa mwepesi. Jumamosi angewawashia, wafurahi, halafu apande baiskeli na mtungi wake arudi Thika kabla hawajaanza kugombana. Jumamosi ikafika, wenye ploti na majirani wakajaa ukumbini kwa Kaleli. Maluki akainama na waya wa stima, akakuta kiganja cha Syombua kimeziba tundu, na agreement iko mapajani.

"Stima inapita kwangu," alisema. "Hii ndiyo barabara ya kuingia. Kwani mlinunua bila kuuliza barabara?"

Hakuna ukumbini aliyekosa shangazi mwenye ploti isiyo na barabara. Kaleli na Muigai wakamgeukia Maluki, wakamwambia polepole kwamba ama wapate barabara, ama waite watu wa bodaboda wamfunze adabu. Maluki akampa Syombua mtungi. Syombua akatikisa kichwa. Maluki akaongeza baiskeli. Syombua akatazama jaketi la ngozi la Maluki, na ilikuwa Julai, ule mwezi wa baridi ya kuuma mifupa. Maluki akalivua.

Projekta ikawaka. Ukutani pakatokea bluu tupu, na maandishi kwamba hakuna kilichounganishwa. Watu wakapiga makofi, Kaleli na Muigai wakibishana bluu hiyo imetoka kwa ploti ya nani.

Maluki, akitetemeka kwa baridi, akajisogeza ubavuni mwa mashine, pale inapopulizia hewa moto. Akanyoosha mikono. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alisikia raha.

Syombua akamaliza kufunga zipu ya jaketi, akatoa kalamu.

"Hilo joto pia limepita kwangu," alisema. "Niandike jina lako lote?"

Maluki akatazama viatu vyake, akaanza kulegeza kamba.