Kobe na Sitini na Tatu

Sogeeni, enyi wenye masikio, na mlio na shughuli ziwekeni chini kidogo, kwa maana hapa inasimuliwa habari ya vita vya Jedwali la Saba, vilivyopiganwa katika darasa la nne kabla ya mapumziko, siku ambayo chaki ilikuwa fupi na subira ya mwalimu fupi zaidi.

Vita hivyo vilikuwa na sheria zake. Mwalimu wa Hesabu, bwana wa rula ndefu, huielekeza kwa mtoto mmoja wa safu, naye huanza: hupiga meza mara mbili, kofi moja, kisha "saba!" Jirani hupokea: meza, meza, kofi, "kumi na nne!" Huenda hivyo watoto wote kumi na wawili, hadi themanini na nne, mdundo usikatike. Anayekosea namba huokolewa iwapo anayemfuata atataja ya kwake kwa usahihi. Asipookolewa, safu nzima hubaki ndani ikipanga vitabu, na wengine hutoka kucheza.

Safu ya dirishani haikuwa imetoka mapema muhula mzima, na sababu yake iliketi mwisho wa dawati la tatu, watoto watatu kila dawati. Huyo ni Kobe, binti wa fundi viatu, mlinzi wa kifutio, mwenye soksi zisizofanana. Kobe alizijua namba zake, ila zilimfika kinywani kofi likiwa limeshapita. Wenzake waliongeza saba juu ya namba ya jirani wakasonga mbele. Yeye hakumwamini jirani. Zamu ikimkaribia, alihesabu vichwa tangu kwa mwanzilishi hadi kwake, akazidisha kwa saba, na katikati ya kuzidisha akapitwa.

Asubuhi hiyo jirani yake wa dawati, Msemaji, mtoto wa mshonaji, ulimi usiojua likizo, alisimama mbele ya mwalimu akahutubu.

"Mwalimu, sisi tumevumilia vya kutosha! Tumepanga vitabu mpaka vitabu vyenyewe vinatujua. Kobe akikosa tena leo, mhamishie safu ya ukutani, na wao waonje!"

"Akikosa, atahama," alisema mwalimu.

Kobe alisikia, na ilimuuma sana. Msemaji, pamoja na mdomo wake wote, ndiye rafiki pekee aliyekuwa naye darasani.

Basi rula ikainuka, ikamwelekea mtoto wa dereva, wa kwanza kwenye dawati la mbele. Na hapo shujaa wetu alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: hakungoja zamu imkaribie. Kabla meza ya kwanza haijapigwa, macho yake yalikuwa yameshaanza safari juu ya visogo, kimoja baada ya kingine, na mdundo ulipofika dawati la pili alikuwa ameshamaliza kuzidisha.

Madawati yakanguruma. Vumbi la chaki likapanda. Arobaini na tisa ikapita salama, Msemaji akaipokea kwa mbwembwe, mabega yakicheza, kofi lake likishinda makofi yote yaliyotangulia.

"Hamsini na nne!"

Wanahistoria hawajui hadi leo kilimpata nini. Safu nzima ilikauka, na mwanzilishi akashika kichwa. Mwingine yeyote angeongeza saba juu ya kosa hilo na kuzama nalo. Lakini Kobe hakumsikia hata kidogo. Namba yake alikuwa nayo kitambo, ameihifadhi mdomoni kama pipi. Meza. Meza. Kofi.

"Sitini na tatu," alisema, bila kupaza sauti.

Ikapokewa sabini, ikapokewa sabini na saba, na themanini na nne ilipotamkwa rula ilishuka.

"Safu ya dirishani, tokeni kwanza," alisema mwalimu, kisha akakohoa kidogo, kwa kuwa hakuwahi kuyatamka maneno hayo.

Wenzao wakapiga kelele za ushindi. Msemaji alibaki akivitazama viganja vyake.

"Kobe," alisema, na kwa mara ya kwanza hotuba ilimwishia. "Usihame."

"Sijaambiwa nihame."

"Najua. Nasema tu, usihame."

"Sawa. Ngoja nifunge kiatu."

Na ijulikane kwa vizazi vyote vya darasa la nne, na hata vya darasa la tano, kwamba siku ile safu ya dirishani ililishinda Jedwali la Saba na kutunukiwa haki ya kutoka kwanza. Ikaenda ikasimama kando ya mlango, watoto kumi na mmoja, ikimngoja binti wa fundi viatu afunge kamba zake kwa mwendo wake mwenyewe. Safu nyingine zote zikawapita, nao wakatoka wa mwisho.