Michoro Isiyo na Mwenyewe

Mrisho alikuwa na pua ya kunusa riziki ya mtu mwingine, na asubuhi hiyo ilimwasha ndani ya intaneti kafe moja ya Dodoma. Yusra, mwanafunzi wa chuo, alikuwa akichapisha michoro ya kujitengenezea skrini ya kugusa: kioo cha kabati la maandazi, kamera ndogo chini yake, vitaa pembeni, projekta na kompyuta. Ukigusa kioo kwa kidole, picha inatii.

"Nani mwenye michoro hii?" Mrisho aliuliza.

"Haina mwenyewe, kaka. Waliobuni wameiweka wazi, kila mtu ajitengenezee kwa bei poa. Chukua nakala."

Haina mwenyewe! Mrisho nusura atokwe machozi. Tangu soko huria liingie nchini hakuwahi kukutana na watu waungwana namna hiyo. Nyumbani akaigonga mihuri mitatu ya SIRI, aliyoichonga mwenyewe kwa soli ya kandambili, maana Dodoma ni mji wa ofisi, na karatasi isiyo na muhuri hufungiwa karanga.

Jioni alitua kwa Bi Stara, mjane mwenye gesti, akiendesha pikipiki yake mwenyewe, mali pekee aliyowahi kuipata kihalali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo unauza nini?"

"Siuzi, nakustiri. Mbunge akifika anagusa kioo tu, chumba kinajitokeza na picha yake. Michoro ni hii moja tu duniani."

Bi Stara aliipapasa mihuri kwa heshima, akahema. "Pesa sina. Nina kiwanja Msalato, si unajua uwanja wa ndege unakuja? Lakini kiwanja kwa karatasi tupu, mwanangu? Ongeza pikipiki."

Akatoa hati yenye mihuri saba. Saba! Mchonga mihuri wetu aliihesabu mara mbili, furaha ikamziba macho. Akakabidhi ufunguo haraka, kabla mjane wa watu hajagundua amelaliwa.

Kesho yake alikwenda Msalato kwa miguu, kichwani keshajenga hoteli ya ghorofa nne. Alimkuta mzee Batholomeo akichimba, shimo limemfika kifuani.

"Shikamoo, mzee. Naona majirani wameshaanza msingi! Namba kumi na nne ni ipi?"

Mzee akaisoma hati, kisha akamsoma Mrisho toka utosini hadi unyayoni. "Ya Bi Stara? Hiyo hapo pembeni yako. Hati ni halali kabisa, mwanangu. Huku ni makaburini, na yule mama alijinunulia mapema."

Mrisho alikaa chini, akacheka mpaka akalia. Pikipiki yangu, jamani, pikipiki yangu!

"Usikae," mzee alimwambia kwa upole, akikunjua kamba. "Lala kidogo, nikupime."