Wimbo wa 84, Mstari wa Pili, Neno la Tatu

Jumatatu, 6 Julai 1953. Njombe.
Baridi kali. Wino umeganda, naandika kwa penseli. Lakini moyo unawaka! Juzi sokoni Makambako nimezungumza na Vestina dakika tatu nzima. Tatizo ni baba yake, Mzee Tarsis, katekista wa huko. Kila barua inayoingia nyumbani kwake huifungua mwenyewe. Basi nikamnong'oneza Vestina ujanja wangu: tuandikiane kwa namba. Namba ya wimbo, ya mstari, ya neno. Akifungua kitabu cha nyimbo, neno langu analo. Nikamuuliza kama anacho. Akasema anacho tangu Komunyo ya kwanza. Mimi ninacho changu cha Kilutheri, tangu kipaimara. Basi, kazi imekwisha! Si bure nilipewa ukarani wa mizani ya magome ya miwati, miti ya kutengenezea ngozi.

Ijumaa, 10 Julai.
Barua imeondoka na lori la asubuhi. Kwa nje, salamu kwa kwaya na nyimbo nne za kujifunza. Kwa ndani, moto! Wimbo wa 84, mstari wa pili, neno la tatu, na mengine matatu. Nimetoka jasho. Kitabu hakina Makambako, nikaweka Yerusalemu. Hakina posa, nikaweka mavuno. Atanielewa tu. Dada Dorkasi, ninayekaa kwake, ameuliza kwa nini nahesabu kwa vidole juu ya kitabu cha Mungu. Nikasema najifunza besi. Akasema afadhali nijifunze kupasua kuni.

Jumanne, 14 Julai.
Jibu! Namba nne kwa mwandiko wake! Nikafungua kitabu. Punda. Saba. Mlimani. Lia.
Sikuelewa. Nikahesabu upya. Punda bado yupo. Nimekaa na maneno hayo kazini kutwa, nikapima gome moja mara mbili. Saa kumi nikagutuka: mahari! Anataka punda saba, niwapeleke mlimani, nilie ili baba yake anihurumie. Dada Dorkasi akauliza tangu lini binti wa Makambako akaposwa kwa punda, kwani ng'ombe wamekwisha? Nikamwambia hajui mambo ya kisasa.

Alhamisi, 16 Julai. Kifanya.
Punda saba hawapatikani. Mama Idda wa hapa kijijini amekubali kuniazima mmoja, mzee, jicho moja bovu. Sita watafuata. Nimeomba ruhusa kazini kwa sababu ya ugonjwa. Kesho alfajiri naanza safari kwa miguu.

Jumapili, 19 Julai. Makambako.
Aibu! Aibu kubwa! Asubuhi nilipanda kilima nyuma ya misheni na punda wangu. Ukungu mzito. Misa ikawa inatoka. Nikaanza kulia kwa sauti. Punda naye akalia. Waumini wakadhani ni mzimu, wakatimua mbio, vikongwe na watoto, mmoja akaacha kiatu. Kumbe Jumapili iliyopita Mzee Tarsis alikuwa ameniombea kanisani, kwa jina langu kamili, kama mgonjwa mahututi!
Vestina akaja peke yake, amekasirika mpaka machozi. Akaniuliza nilihesabu kwa kitabu gani. Nikamwonyesha. Akasema cha kwao Wakatoliki ni kingine kabisa. Namba zangu kwake zilisomeka: Kaburi. Mshumaa. Naja. Mama. Amelia siku mbili, akamwambia baba yake kwamba nakufa! Na namba zake kwa kitabu chake zilisema: Pona. Njoo. Nyumbani. Baba. Leo nyumbani kwao nilichinjiwa kuku. Nilipokuwa mlimani, Linus fundi cherehani alipita kusalimia. Kuku akamla yeye. Tena inasemekana ana nia.
Vestina akasema tuache namba, mtu ana mdomo. Ataongea na baba yake, kisha ataniandikia wazi. Nampenda! Nimeapa mbele ya punda: sitahesabu tena.

Alhamisi, 23 Julai. Njombe.
Barua ya Vestina. Hakuna namba hata moja! Nainakili:
"Anania, njoo nyumbani Jumapili na mshenga. Baba amekubali. Usiende mlimani. Usichelewe. Vestina."
Dada Dorkasi alipiga vigelegele, akamwita Baba mdogo Mika awe mshenga. Mzee akatoa koti lake la kanisani. Mimi pia nilifurahi, robo saa hivi. Kisha nikaanza kuchanganyikiwa. Fupi mno. Wazi mno. Na baba yake aliisoma! Binti mwenye akili kama Vestina hawezi kuandika wazi namna hii bila sababu. Nimejaribu kila neno la pili: upuuzi. Nimejaribu kila neno la tatu: Nyumbani. Mshenga. Usiende. Vestina.
Nimeingiwa na baridi. Ni mtego! Na kilima je, amekitaja bure? Nimemwambia Baba mdogo Mika apumzike. Akavua koti.

Jumapili, 26 Julai. Makambako.
Niko kilimani tangu alfajiri. Nimekuja na punda, asije akasema nimepuuza. Kwa chini naiona nyumba ya Mzee Tarsis. Moshi wa jikoni ni mwingi. Vestina ametoka mlangoni mara tano kutazama barabara. Sijui anamngoja nani. Saa tisa Linus ameingia na mzee aliyevaa koti. Maskini, hajui kwamba huko si pa kuingia leo. Vestina hakuja kwangu. Sielewi. Naumia sana.

Jumamosi, 15 Agosti. Njombe.
Kadi kutoka Makambako! Dada Dorkasi ameisoma kwanza, akaketi, akaniambia pole. Sikumsikiliza. Nainakili:
"Bwana Anania, unakaribishwa harusi ya Vestina na Linus kanisani Makambako, Jumamosi ijayo."
Nusura nizimie. Kisha nikatulia, nikachukua penseli. Kila neno la tatu: Unakaribishwa. Vestina. Kanisani. Ijayo.
Nimehesabu mara nne. Linus hayumo! Nakwenda Kifanya kuazima punda.