Koki ya Bwana Meneja na Ngozi ya Ng'ombe

Jumatatu, 6 Agosti 1951
Koki ya maji ya moto bafuni kwa Bwana Meneja inavuja tena! Juzi tu nimeitengeneza. Mimi, Maganga, fundi bomba wa mgodi, mwenye spana kubwa na nyumba ya bati! Kuna mkono wa mtu. Ni Donatus, msaidizi wangu, aliyekuja juzijuzi kutoka Masumbwe. Kila asubuhi ananiamkia shikamoo kwa upole uliozidi. Kikulacho ki nguoni mwako. Bwana Meneja kasema Jumamosi ana wageni. Koki ikivuja siku hiyo, spana anapewa Donatus, na nyumba inakwenda na spana.

Jumanne, 7 Agosti
Nimefungua koki. Washa, kile kiduara cha mpira cha kuzibia maji, imeliwa yote. Imeliwa na nani? Nimemtazama Donatus meno. Akasema washa huchakaa zenyewe, na stoo zimejaa mpya, aende akaniombee. Ahaa! Ili karani wa stoo ajue Maganga ameshindwa kazi? Nimekataa. Baba yangu kule Kishapu alikuwa akifunga mpini uliopasuka kwa ngozi mbichi ya ng'ombe. Ikikauka inabana, hata shetani haitoi! Nimepata kipande kwa mchinjaji.

Jumatano, 8 Agosti
Nimekata washa ya ngozi. Manyoya nimeyaacha, yashike vizuri. Koki kimya! Hata tone! Mke wangu, Mama Zipora, kauliza: ngozi hubana ikikauka, sasa humo ndani ya maji itakauka lini? Swali la ajabu. Mwanamke wa jembe na pamba kajuaje mambo ya koki? Kaongea na Donatus huyu. Nimesusa chakula chake. Baadaye nikala, maana ilikuwa michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga.

Ijumaa, 10 Agosti
Bafuni kunanuka. Memsahibu, mke wa Bwana Meneja, kauliza kama kuna panya aliyekufa. Nikamwambia huenda ni viatu vya Donatus. Mchana Donatus kaniita pembeni. Kaleta washa mbili za mpira, nibadilishe kabla ya wageni, wala hatamwambia mtu. Hatamwambia mtu! Kwa nini asimwambie mtu? Nimezitupa kwenye shimo la choo.

Jumamosi, 11 Agosti
Nilijificha kwenye maua chini ya dirisha la bafu, nimkamate Donatus akichezea koki. Hakuja. Alikuja Bwana Meneja kuoga. Lile pipa la nje linaloleta maji ya moto kwenye koki lilikuwa limekokewa kuni tangu mchana, maji yanatokota. Ngozi ikaiva! Bwana alifungua koki, ikakataa kufungwa. Beseni likafurika, maji ya moto yakapita chini ya mlango mpaka kwenye miguu ya wageni. Bwana akapiga kelele, povu kichwani. Nami kwa utiifu nikainuka dirishani, nikamwambia asiogope, nipo. Akauliza nilikuwa nafanya nini pale. Nilipokuwa bado nachomoa miguu kwenye maua, Donatus alikwisha kuja mbio, kafunga maji kwenye pipa na kutia washa ya mpira. Kwenye sabuni ya Bwana yalikutwa manyoya ya ng'ombe mwekundu.

Jumatatu, 13 Agosti
Spana iko kwa Donatus. Nyumba pia. Mama Zipora alikunja mikeka, akaibeba yote mwenyewe, na hilo limeniuma kuliko matusi yote ya Bwana Meneja. Sasa tuko kwenye kibanda cha nyasi huku kambini. Nilikuwa nifukuzwe kabisa, Donatus akaniombea. Kaniombea! Anataka nini kwangu? Nimepewa kazi ya kujaza lile pipa kwa debe.

Jumanne, 14 Agosti
Debe linavuja. Nani kanipa debe? Donatus! Kasema nilipeleke kwa fundi bati. Nimemcheka. Bado ninacho kipande cha ngozi mbichi, nimekibandika chini ya debe kwa ustadi. Mama Zipora kauliza kitakauka lini, nami nachota maji kutwa. Swali lile lile! Kuanzia kesho nitakuwa nikiangalia anakokwenda huyu mwanamke.