Mpira Uko Upande Wenu

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwamba Ofisi ya Uratibu wa Malalamiko imemaliza malalamiko yote ya Kibera. Hatukutengeneza kitu chochote. Tuliazima tu msemo wa Kizungu, ule wa kumwambia mtu mpira uko upande wake, tukauchapa kwenye barua mia tisa, kila moja na muhuri wake.

Maana yake, kama nilivyowaeleza makarani katika semina ya siku tatu Naivasha, ni kwamba sisi tumeshacheza, sasa uamuzi ni wa mwananchi. Matumizi yake ni kumtoa mwananchi ofisini kabla chai haijapoa.

Sella wa Soweto West alikuja mara nne. Bomba la choo la flati fulani za huko juu lilikuwa limepasuka, na uchafu ulikuwa unapita mbele ya kibanda chake cha chapati. Watu wa afya walikuwa wamempa hadi Ijumaa: uchafu uishe au kibanda kifungwe.

"Bosi, hicho kibanda ndicho kinalisha watoto wangu. Sasa mimi nifanye aje?"

"Mama, si usome barua. Mpira uko upande wenu."

"Yaani sisi ndio tuamue?"

"Kabisa. Huo ndio ugatuzi."

Hakulia, hakutukana. Aliikunja barua akaifunga kwenye leso. Nikaandika kwenye faili: mwananchi ameridhika.

Alhamisi, Wesonga, fundi wa Laini Saba, alileta mfuko wa simiti akaliziba lile bomba. Mtaa ukakauka. Uchafu nao, kwa kukosa pa kwenda, ukarudi ulikotoka.

Sikutaja kwamba kwenye hizo flati naishi mimi, ghorofa ya chini kabisa.

Ijumaa asubuhi nilifika kibandani kwa Sella, viatu mkononi, suruali imekunjwa hadi magotini.

"Nani amewaruhusu kuziba bomba? Mna kibali?"

"Niaje, bosi," Wesonga akasema, akimalizia chapati yake bila haraka, huku akiikunjua barua ya Sella. "Kibali si hiki hapa? Kina muhuri, kina sahihi. Ama hii sahihi si yako?"

Ilikuwa yangu.

"Tafadhali! Watoto wangu wamepanda juu ya meza!"

Sella akageuza chapati. "Woi, pole. Wangu wamekanyaga hiyo kitu miezi minne. Si uende ofisi ikusaidie?"

Nikaenda. Nduku, karani niliyemfundisha mwenyewe, ndio kwanza alikuwa amemimina chai. Hata hakuinua macho, alivuta tu barua moja kutoka kwenye rundo.